Nani kakujibu? Siku tisa zangu na Mosh, UDP na fayawoli mbili

Treni ya jioni ilikuwa imeshaiacha Morogoro nyuma, laptopu iko mapajani, nami nasasisha databesi ya mteja. Mteja mwenyewe ana maduka matatu ya vifaa vya ujenzi Dodoma. Mfumo wake wa risiti unakaa kwenye seva ya kukodi iliyoko Frankfurt, na mtunzaji wake ni mimi peke yangu, kwa malipo ya mwezi ambayo sitayataja kwa sababu mke wangu naye husoma ninayoandika. Nilijiambia kazi ya dakika ishirini haiwezi kunishinda kabla ya kufika Dodoma. Tukaingia kwenye mahandaki ya Kilosa, na dirisha jeusi likaganda.

Kila anayetumia SSH, njia ya kuandika amri kwenye seva iliyo mbali, kwa intaneti ya simu anaijua hali hiyo. Unabonyeza herufi, haitokei. Unabonyeza nyingine, kimya. Unagonga Enter mara sita kama mtu anayemgongea mdeni mlango. Laini iliporudi simu ilikuwa imepewa anwani nyingine ya IP, na hapo ndipo SSH hufia. SSH inapita juu ya TCP, utaratibu mmojawapo wa kusafirisha data mtandaoni, na TCP inakutambua kwa anwani na poti (namba za milango) za pande zote mbili. Kimoja kikibadilika, wewe si wewe tena.

Nikaingia upya. Kikao cha zamani kilikuwa bado kinaning'inia kule seva, na programu ya usasishaji imesimama katikati inasubiri nijibu "y". Mtu mtulivu angekaa akafikiri. Mimi niliipiga `kill -9`, amri ya kuiua programu palepale. Matokeo yake jedwali moja lilikuwa na safu mpya, jingine halina, na mfumo haukuwaka tena. Nikarudisha nakala ya usiku uliotangulia. Maana yake mauzo yote ya Jumamosi ile yalipotea, na Jumapili nzima nilikuwa Dodoma nyuma ya kaunta ya duka la saruji, naingiza risiti 214 kwa mkono kutoka kwenye vitabu vya karatasi, huku kijana wa dukani akinisomea: "Bati geji 28, kumi na mbili. Misumari ya bati, kilo tatu." Malipo ya mwezi huo sikuyadai. Nisingekuwa na uso wa kuyadai.

Kosa la kwanza basi, kabla hata hatujafika kwenye UDP: sikuwa nimefungua `tmux`. Ndani ya tmux kikao kinakaa kwenye seva, wewe ni mtazamaji tu. Ukikatika, kazi inaendelea, ukirudi unaandika `tmux attach` na kuikuta ilipofika. Nilikuwa naijua tmux kwa miaka. Kujua dawa na kuimeza ni vitu viwili.

Lakini tmux haiondoi kero ya kuganda. Kutoka kwenye laini yangu hadi Frankfurt na kurudi ni karibu milisekunde 180 siku nzuri, na siku mbaya ni mara tatu yake. Ndiyo maana nikaamua kuijaribu Mosh, programu ya kazi ileile ya SSH isiyokufa laini ikikatika, ambayo nilikuwa nimeisikia tu. Waliianzisha Keith Winstein na Hari Balakrishnan wa MIT, wakaiwasilisha kwa wataalamu wenzao mwaka 2012, na walikuwa wamewalenga watu kama mimi hasa: wenye laptopu inayolala na kuamka, simu inayobadilisha anwani, na mtandao unaodondosha pakiti, yaani vifurushi vidogo vya data.

Jinsi inavyofanya kazi ni muhimu uielewe, maana kila hitilafu niliyokutana nayo ilikuwa kwenye hatua mojawapo. Mosh huanza kwa SSH ya kawaida. Inaingia kwenye seva, inawasha programu iitwayo `mosh-server`, na hiyo inachapisha mstari mmoja wenye namba ya poti na ufunguo wa siri. Kisha SSH inaondoka. Kuanzia hapo laptopu na seva wanazungumza kwa UDP, utaratibu mwingine wa kusafirisha data, kwenye poti iliyo kati ya 60000 na 61000, kila pakiti ikiwa imefungwa kwa ufunguo ule. Seva haijali pakiti imetoka anwani gani. Ikifunguka kwa ufunguo na ni mpya kuliko ya mwisho, inajua ni wewe na inaanza kukujibu huko uliko. Ndiyo siri ya kuhama kutoka waifai kwenda simu bila kikao kufa.

Na UDP yenyewe? TCP ni kupiga simu: haloo, haloo, unanisikia, nakusikia, ndipo maneno yaanze. UDP ni kumpa konda kifurushi pale stendi ya Magufuli, bila risiti na bila namba ya simu. Basi limeondoka. Kama Dodoma kuna mtu wa kukipokea, kitapokewa. Kama hakuna, hutajua. Shika mfano huo wa konda, maana niliusahau kwa siku mbili na zikanigharimu.

Siku ya kwanza niliweka Mosh pande zote mbili na kuandika `mosh mimi@203.0.113.10` (anwani si hiyo, hii ni ya mifano). Ikakataa palepale, ikilalamika kwamba `mosh-server` inataka mazingira ya lugha yenye UTF-8 (mfumo wa kuandika herufi). Hili ni dogo. Seva yangu ilikuwa haina hata lugha moja iliyotengenezwa. Amri ya `sudo locale-gen en_US.UTF-8` ikamaliza. Usipokuwa na ruhusa ya kufanya hivyo, andika `mosh --server="LANG=C.UTF-8 mosh-server" mimi@203.0.113.10`, mara nyingi inatosha. Na kama SSH yako haiko kwenye poti 22, utahitaji `--ssh="ssh -p 2222"`. Watu huchanganya hapa: `-p` ya Mosh ni ya poti ya UDP, siyo ya SSH.

Nikajaribu tena. Skrini ikafutika, ikawa tupu, na juu kabisa ukatokea utepe wa bluu wenye maandishi meupe:

`mosh: Nothing received from server on UDP port 60001.`

Na ukakaa hapo. Nilikuwa nimekaa sebuleni kwangu Tabata, saa tatu usiku, nautazama utepe ule kama anayesubiri umeme urudi.

Nilichofanya kwanza kilikuwa sahihi, nikiri hivyo: niliangalia njia yenyewe. `mtr 203.0.113.10`, chombo kinachopima njia hadi kwenye seva, dakika moja, hakuna upotevu wa maana. Usiiruke hatua hii. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika kwa pamoja na Tanzania nzima ikatambaa, kuna watu walishinda wanachokonoa ruta zao za nyumbani. Kama njia kuu imebomoka, fayawoli yako, yule mlinzi anayechuja pakiti, haina kosa.

Nilichofanya pili kilikuwa ujinga. Nilichukua nc, chombo cha kutuma na kusikiliza data kwenye poti, nikaandika:

`nc -zvu 203.0.113.10 60001`

Ikanijibu kwamba muunganisho umefanikiwa, `succeeded!`, na alama ya mshangao. Nikafurahi. Nikahitimisha: poti iko wazi, kwa hiyo tatizo ni Mosh yenyewe. Nikaifuta, nikaiweka tena. Nikapakua msimbo wake na kuujenga mwenyewe kwenye seva, gigabaiti ya bando ikaenda. Nikashusha toleo, nikapandisha toleo.

Siku ya pili niliigawa kazi vipande viwili, na hilo lilikuwa wazo zuri lililozaa kosa baya. Unaweza kuziendesha hatua za Mosh kwa mkono: ndani ya SSH unaandika `mosh-server`, inakupa mstari wa `MOSH CONNECT 60001` na ufunguo wa herufi 22. Kisha kwenye laptopu unaandika `MOSH_KEY=ufunguo mosh-client 203.0.113.10 60001`. Hapo unajua kwa uhakika kama kinachokwama ni hatua ya SSH au ya UDP. Kwangu ya SSH ilipita, ya UDP ikagoma. Nikapiga picha ya skrini nikaitupa kwenye grupu la WhatsApp la mafundi, watu zaidi ya mia mbili, nikiuliza "wakuu, hapa shida nini?" Picha ilikuwa na anwani ya seva, poti, na ufunguo mzima. Mwenye vitu hivyo vitatu anaweza kuingia kwenye kikao changu kama mimi. Kilichoniokoa ni kwamba `mosh-server` isipopata mgeni ndani ya sekunde 60 inajizima yenyewe. Kijana mmoja alinifuata faragha: "Bro, futa hiyo picha." Mungu ambariki.

(Sekunde hizo 60 zitakusumbua na wewe. Ukiwasha `mosh-server` kwa mkono, ukaenda kuchukua chai, ukirudi poti imeshafungwa na utadhani fayawoli imekubana.)

Jioni ya siku ile nikampigia dada mmoja tuliyesoma naye, yeye alinitangulia miaka mitatu, sasa anasimamia mitandao ya kampuni kubwa. Nikamweleza yote, nikamalizia kwa kujiamini kwamba poti iko wazi, nimeipima.

"Umeipimaje, mdogo wangu?"

"Kwa nc, dada. Imeniambia imefanikiwa."

"Nani kakujibu?"

"Nc imeandika—"

"Sikuulizi nc imeandika nini. Nauliza kule Frankfurt, nani kakujibu?"

Nikanyamaza. Hakuna aliyenijibu. Kwa UDP, `nc -zu` hutupa pakiti na kusikilizia kidogo. Ikirudi taarifa ya ICMP (ujumbe wa mtandao wa kueleza hitilafu) kwamba poti ile haina mtu, inakwambia imeshindikana. Isiporudi kitu, inasema imefanikiwa. Lakini fayawoli inayomeza pakiti kimyakimya nayo hairudishi kitu! Kwa hiyo poti iliyo wazi na poti iliyofungwa kwa ukimya zinatoa jibu lilelile. Nc ilikuwa inaniambia basi limeondoka stendi, mimi nikasikia kifurushi kimepokelewa. Nmap, chombo cha kukagua poti, ina uaminifu zaidi: ukiitumia na `-sU`, mahali hapo huandika `open|filtered`, yaani "wazi, au imezuiwa, sina hakika".

Tena kuna kinyume chake ambacho dada alinifundisha usiku ule na nimekitumia mara nyingi tangu hapo. Ukituma UDP ukakataliwa waziwazi, `Connection refused`, furahi. Maana yake pakiti ilifika hadi mlangoni, ikakuta hakuna programu inayosikiliza, na habari ya kukataliwa ikarudi salama. Njia iko wazi. Kukataliwa ni jibu.

Kipimo chake ni cha watu wawili, hata kama wote ni wewe. Fungua madirisha mawili. Kwenye seva, kupitia SSH:

`nc -u -l 60001`

Kwenye laptopu:

`nc -u 203.0.113.10 60001`

Kisha uandike neno kwenye laptopu na ubonyeze Enter. Mimi huandika "hodi". Likitokea kwenye dirisha la seva, kwenda kuna njia. Halafu kwenye seva ujibu "karibu". Likitokea kwenye laptopu, kurudi kuna njia pia. Lazima laptopu ianze, kwa sababu nc ya seva haijui imjibu nani mpaka asikie kwanza, na ruta ya nyumbani kwako haifungui njia ya kurudi mpaka kitu kimetoka ndani. Kwenye baadhi ya mashine nc ni ya ukoo mwingine na inataka `nc -u -l -p 60001`. Ikikulalamikia, jaribu hiyo.

Niliandika hodi. Nikaandika tena hodi. Frankfurt kimya.

Hapo ndipo nikashika `tcpdump`, chombo cha kuonyesha kila pakiti inayopita, nilichokuwa nakiogopa kwa sababu ya wingi wa mistari yake. Siyo cha kuogopwa ukikipa kichujio:

`sudo tcpdump -ni any udp portrange 60000-61000`

Nikaiwasha pande zote mbili. Kwenye laptopu, kila hodi ilionekana ikitoka. Kwenye seva, hakuna hata mstari. Kwa hiyo hodi ilikuwa inafia njiani, na siyo Tabata. Nilifikiria saa nzima kabla ya kukumbuka kwamba mwenye seva anayenikodishia ana fayawoli yake mwenyewe, nje ya mashine, inayowekwa kwenye ukurasa wa wavuti wa akaunti. Niliiweka mimi mwaka juzi: poti 22, 80, 443, basi. Nikasahau kama iko. Kwenye seva nilikuwa naangalia `ufw` tu, fayawoli ya ndani ya mashine, mlinzi wa mlango wa chumba, wakati kuna mwingine kwenye geti la nje.

Nikafungua UDP 60000 hadi 61000 kule getini. Nikarudi kwenye tcpdump ya seva. Mstari! Mwingine! Hodi zinaingia. Nilipiga meza hadi mtoto akaamka.

Lakini dirisha la nc bado tupu.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo nilipoharibu kabisa. Nilijiambia: pakiti zinafika kwenye seva, tcpdump inaziona, kwa hiyo fayawoli ya seva haizuii. Hoja inasikika safi na ni ya uongo. Kwenye Linux, tcpdump inaziona pakiti zinazoingia *kabla* fayawoli ya ndani haijazigusa. Amekaa nje ya mlango. Anamwona kila anayekuja, hata atakayefukuzwa. Kwa zinazotoka ni kinyume, anaziona baada ya fayawoli kumaliza nazo. Kwa hiyo mstari wa kuingia unathibitisha kwamba njia ya nje ni nzima, na hausemi lolote kuhusu mlango wa ndani.

Sikujua hilo. Nikaamua kuondoa shaka kwa kufuta kanuni zote za fayawoli kwa muda, kwa iptables, chombo ambacho ufw hukitumia chini yake:

`sudo iptables -F`

SSH ikaganda. Safari hii hapakuwa na handaki.

Kilichotokea ni hiki. Ufw huweka msimamo wa jumla wa mlango wa kuingilia kuwa "kataa", kisha juu yake inaorodhesha walioruhusiwa. `-F` inafuta orodha lakini haigusi msimamo. Nilikuwa nimewafuta walioruhusiwa wote, mimi nikiwemo, nikaacha amri ya kukataa. Saa sita na robo usiku. Maduka yanafunguliwa saa moja na nusu asubuhi.

Kwenye ukurasa wa akaunti kuna kibonyezo cha kukufungulia skrini ya mashine moja kwa moja, kana kwamba umeketi mbele yake. Nikakibonyeza. Ikaniomba nywila. Sikuwahi kuiweka nywila; siku zote naingia kwa ufunguo wa SSH. Mikono ikaanza kutetemeka, sioni aibu kusema. Mwishowe nikabonyeza kuzima na kuwasha kwa nguvu, nikaomba Mungu databesi isiumie, na baada ya dakika mbili hivi SSH ikafunguka. Iliwezekana kwa sababu `-F` inafuta kilichoko kwenye kumbukumbu tu. Mashine ikiwaka upya, ufw inasoma tena mafaili yake na orodha inarudi. Ningekuwa nimeharibu mafaili, ningelala macho.

Tangu usiku ule siigusi fayawoli ya seva ya mbali bila kujiwekea kamba kiunoni. Nikichezea iptables, kwanza naandika `sudo shutdown -r +10`; nikijifungia nje, baada ya dakika kumi mashine inajiwasha upya na kanuni za zamani zinarudi. Nikiwa bado niko ndani, `sudo shutdown -c` inaghairi. Kwa ufw haitoshi, maana yenyewe huandika kwenye faili na kuwasha upya hakutengui. Hapo natumia `echo "ufw disable" | sudo at now + 10 minutes`. Na nywila ya skrini ya dharura nimeiweka, iko kwenye daftari, daftari liko kabatini.

Asubuhi, baada ya kahawa, nikafanya nilichopaswa kufanya tangu mwanzo, kusoma kumbukumbu:

`sudo journalctl -k -b -1 | grep UFW` (hiyo `-b -1` ni ya kabla ya kuzima na kuwasha)

Zilikuwa zimejaa. `[UFW BLOCK]`, na mwishoni mwa kila mstari, `PROTO=UDP` na `DPT=60001`. Tangu nifungue geti la nje seva ilikuwa inaandika kwamba imenizuia, sikuwa nimefungua daftari lake. Nikatazama `sudo ufw status`. Pale palikuwa na kanuni yangu ya siku ya kwanza kabisa: `60000:61000/tcp ALLOW`. Tcp. Ufw ukiipa poti nyingi kwa mkupuo inakulazimisha utaje kama ni tcp au udp, na vidole vyangu, vilivyozoea, viliandika tcp. Siku zote hizo kwa herufi tatu.

`sudo ufw allow 60000:61000/udp`

Hodi. Ikatokea. Karibu. Ikarudi.

Mosh ikafunguka kama mlango uliotiwa mafuta. Nilizima waifai makusudi, nikahamia kwenye simu, nikarudisha. Kikao kiko palepale. Nilifunga laptopu, nikaenda kuoga, nikafungua: palepale.

Ningeweza kuishia hapo, ila Jumatatu nilikuwa Dodoma kwenye ofisi ya mteja mwingine, ukatokea tena utepe wa bluu. Safari hii ilinichukua dakika kumi. Tcpdump ya laptopu: zinatoka. Tcpdump ya seva: hakuna. Nikabadili kwenda hotispoti ya simu: inafanya kazi. Kwa hiyo mzuiaji ni mtandao wa ofisi ile. Nikamfuata mzee wa mitandao wa pale.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, kijana. Mtandao mbovu?"

"Hapana mzee, mtandao mzuri. Ni UDP tu haitoki."

Akacheka. "UDP nimefunga mimi. Humu ndani walikuwa wanapiga simu za video tangu asubuhi. Unataka poti ngapi?"

Nikasema elfu moja na moja. Akaniangalia kama niliyeomba funguo za gari lake. Tukapatana kumi na moja, kwenda kwenye anwani moja ya seva yangu, na mimi nikawa natumia `mosh -p 60000:60010`. Nikawaza baadaye kwamba hata kwangu ndivyo ilivyopaswa kuwa. Mtu mmoja hana kazi na milango elfu. Nikapunguza getini na mlangoni. Kama huna wa kumwomba, usipoteze muda kutafuta ujanja wa kuipeleka Mosh kwenye poti 53 au 443: `mosh-server` inaendeshwa na mtumiaji wa kawaida, na poti zilizo chini ya 1024 kwa kawaida zinataka mamlaka ya mkuu wa mashine. Wala WireGuard, ile VPN, haitakutoa hapo, nayo ni UDP tupu. Tumia hotispoti, au rudi kwenye SSH na tmux.

Poti kumi na moja zikaleta jambo jingine. Baada ya wiki kadhaa Mosh ikakataa kuanza, na nilipoangalia `ss -ulnp`, orodha ya poti za UDP zinazotumika, nikazikuta zote kumi na moja zimekaliwa na `mosh-server` za zamani. Kwa upande wako, ufunguo wa kikao unaishi kwenye kumbukumbu ya laptopu tu. Laptopu ikizimika kwa chaji, hakuna awezaye kurudi kwenye kikao kile, lakini kule seva kinaendelea kusubiri, siku, wiki, kwa uvumilivu wa kusikitisha. Ukiingia inakuonya kwamba una kikao kilichoachwa, mimi nilikuwa siusomi ule mstari. Sasa naanzisha kwa `--server="MOSH_SERVER_NETWORK_TMOUT=604800 mosh-server"`, kikipita wiki bila kunisikia kijifunge. Na kazi yote iko ndani ya tmux, kwa hiyo kikifa hakifi na kitu. Tmux inanipa pia kurudi juu kusoma yaliyopita, maana Mosh peke yake hukuonyesha ukurasa ulio mbele yako tu.

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye treni ileile, nasasisha databesi ileile. Tulipofika Kilosa utepe wa bluu ukashuka na kuanza kuhesabu sekunde tangu tusikilizane na seva: tisa, kumi, kumi na moja. Niliendelea kuandika amri iliyofuata. Mosh hukuonyesha herufi papohapo kwa kukisia seva itasema nini, na ambazo seva haijazithibitisha inazipigia mstari chini. Mama aliyekaa kando yangu, aliyekuwa akitazama skrini tangu Morogoro, akaninong'oneza:

"Mwanangu, hizo zilizopigiwa mstari, umekosea?"

"Hapana, mama. Hazijafika tu."

Tukatoka kwenye handaki, mistari ikafutika mmoja mmoja.